Efua Sutherland, aliyeijengea hadithi nyumba

Ukumbi ambao Efua Sutherland aliuanzisha mjini Accra haupo tena. Ulibomolewa kupisha Jumba la Taifa la Sanaa za Maonyesho, lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1992, mwenyewe angali hai.

Mwandishi huyo, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika kuandika tamthilia, alizaliwa tarehe 27 Juni 1924 huko Cape Coast, Ghana ikiwa bado koloni la Uingereza. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, akalelewa na bibi yake. Alisomea ualimu, akaendelea na masomo Uingereza, katika miji ya Cambridge na London, kisha mwaka 1951 akarejea nyumbani kufundisha. Miaka mitatu baadaye aliolewa na Bill Sutherland, Mmarekani mweusi mpigania amani, wakajaliwa watoto watatu. Ndoa hiyo haikudumu, na Bill aliishi miaka mingi Dar es Salaam.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1957, Efua aliunda chama cha waandishi, na mwaka uliofuata akaanzisha kikundi cha maigizo ya majaribio. Kutoka humo ndipo ulipozaliwa ukumbi wake, uliojengwa mfano wa ua wa nyumba ya Kiakan, wazi juu, watazamaji wakikaa karibu na waigizaji. Sababu yake ilikuwa wazi. Kwa Waakan, hadithi za Ananse, buibui mjanja ambaye kwetu ni ndugu wa Sungura na Abunuwasi, hazisimuliwi kwa hadhira iliyonyamaza. Msikilizaji ana haki ya kumkatiza fanani kwa wimbo, uitwao mboguo, na fanani husubiri. Anayejua kuitikia "Pakawa" ataielewa haki hiyo bila kuelezwa.

Efua aliipandisha jukwaani. Katika Ndoa ya Anansewa, iliyochapishwa mwaka 1975, Ananse aliyechoka na ufukara anamposesha binti yake kwa machifu wanne kwa siri, akipokea zawadi za wote. Siku zinapokaribia, hana njia ila kumwambia binti ajifanye amekufa, ili ajulikane nani anampenda kweli. Watazamaji hucheka, lakini anayelala kama maiti kwa ajili ya madeni ya baba ni msichana, na kicheko hicho si chepesi. Kabla ya hapo alikuwa ameandika Edufa, inayoegemea tamthilia ya kale ya Kigiriki, na Foriwa, inayohusu mji uliodumaa na mgeni kutoka kaskazini anayesaidia kuuamsha.

Hakuishia mjini. Katika kijiji cha Ekumfi Atwia alishirikiana na wenyeji kujenga Kodzidan, yaani nyumba ya hadithi, iliyo mali ya wanakijiji wenyewe. Aliandikia watoto vitabu na michezo, jambo ambalo waandishi wakubwa wengi hulidharau. Mwaka 1980 alitoa pendekezo la tamasha la maigizo la kuwakutanisha Waafrika wa barani na wa ughaibuni, ambalo baadaye likawa PANAFEST.

Alifariki tarehe 2 Januari 1996 akiwa na umri wa miaka 71. Mfano wa ukumbi uliobomolewa ulijengwa upya katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, ukiwa na ua ule ule ulio wazi, na sasa unaitwa kwa jina lake.