Garfield Alivyochagua Chuo

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yakitoka, mtaani utakutana na watu wa aina mbili. Kuna anayelia kwa sababu hakupata popote, na kuna aliyepata vyuo vitatu lakini naye halali, maana siku za kuthibitisha zinahesabika na kila mjomba ana ushauri wake. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Nakiri kwamba nilithibitisha chuo kwa kumfuata rafiki yangu, ambaye dakika ya mwisho akabadili mawazo akaenda kwingine. Basi niliposoma maisha ya James Garfield, rais wa 20 wa Marekani, sikukaa sana kwenye urais. Nilikaa kwenye mwaka 1854, alipokuwa na miaka 22 kama mimi sasa, ana majibu ya vyuo vitatu mkononi na hela ya kuungaunga.

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1831 katika kibanda cha magogo jimboni Ohio. Baba yake alifariki mwaka 1833, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na mama yake Eliza akabaki na shamba, madeni na watoto. James alikua anatamani kuwa baharia. Bahari ilikuwa mbali, kwa hiyo akiwa na miaka 16 akaenda kufanya kazi kwenye mfereji, kwenye mashua zinazokokotwa na wanyama wanaotembea kando ya maji. Hakuwa hodari wa kazi hiyo, mara kwa mara alikuwa akitumbukia majini, na kuogelea hajui! Baada ya wiki chache alirudi nyumbani na homa kali ya malaria. Mama akamuuguza, na alipopata nafuu akamsihi ajaribu shule kwanza kabla ya kurudi kwenye maji. Akaenda, na ya mfereji yakaishia hapo.

Mwaka 1851 aliingia shule mpya ya dhehebu lake, Wanafunzi wa Kristo, katika kijiji cha Hiram. Ada aliilipa kwa kufagia madarasa na kupiga kengele. Haikuchukua muda akawa anafundisha palepale alipokuwa akifagia. Kufikia 1854 alikuwa amemaliza kila kilichokuwepo pale, na bado alitaka shahada.

Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Chuo ambacho wote walitegemea achague kilikuwa Bethany, kule Virginia. Kilikuwa chuo cha dhehebu lake, na mkuu wake, Alexander Campbell, ndiye aliyekuwa kiongozi mkubwa wa Wanafunzi wa Kristo. Kwa lugha yetu, pale Garfield angekuwa mtoto wa nyumbani. Akakiacha, na sababu zake alizieleza wazi. Mtaala wa Bethany aliuona mwembamba kuliko wa vyuo vya zamani vya mashariki. Tena Virginia ilikuwa nchi ya utumwa, na chuo kile aliona kinauegemea kuliko alivyoweza kuvumilia. Na sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito, maisha yake yote alikuwa amezungukwa na watu wa imani yake tu, akahisi ni wakati wa kukaa na wengine na kuwasikia. Kijana wa miaka 22 kulikataa kundi lake mwenyewe, bila ugomvi na bila kuiacha imani yake, si jambo jepesi. Wengi wetu hata kubadili kozi aliyoichagua baba tunashindwa.

Akaandika barua tatu, moja Yale, moja Brown, moja Williams. Alieleza alichosoma, akauliza atahitaji miaka mingapi kumaliza. Majibu yakafanana kama yameandikwa na karani mmoja, kwamba akifaulu mtihani wa kuingia, ataanzia mwaka wa tatu na kumaliza kwa miaka miwili. Yale na Brown waliishia hapo. Mark Hopkins, mkuu wa Williams, akaongeza sentensi moja fupi ya kusema kwamba akija watafurahi kumsaidia kadiri watakavyoweza. Garfield akachagua Williams.

Niliposimulia hili bwenini, jamaa mmoja akacheka kwamba huo ni ujinga, unaachaje Yale kwa sababu ya sentensi ya adabu? Swali la haki. Lakini tuangalie hesabu zake. Muda wa masomo ulikuwa mmoja kote, na kila mahali angekuwa mgeni asiyejulikana. Kilichobaki cha kulinganisha kilikuwa ni nani huko ameonyesha kwamba huyu mwombaji ni mtu. Halafu yeye alikuwa anaondoka Ohio kwa akiba ndogo ya ualimu na mikopo, akijua kwamba ikiharibika hana nauli ya kujaribu mara ya pili.

Williams kilikuwa, na mpaka leo ni, chuo kidogo katika milima ya magharibi ya Massachusetts, kilichofunguliwa mwaka 1793. Hakikufundisha ufundi wa kazi moja. Mwanafunzi alisoma Kilatini, Kigiriki, hesabu, sayansi na falsafa, kisha mwaka wa mwisho darasa zima linaangukia mikononi mwa mkuu wa chuo mwenyewe. Hopkins hakuwa mtu wa kusomea notisi. Alifundisha kwa kuuliza, na ukijibu anakuuliza kwa nini. Fikiria mkuu wetu wa chuo anakufundisha kila wiki na jina lako analijua!

Garfield alifika akiwa mkubwa kuliko wengi darasani, nguo za kimaskini, lafudhi ya kijijini kati ya watoto wa watu wenye nafasi. Akajitupa kwenye midahalo na kuhariri jarida la wanafunzi. Likizo moja alivuka mpaka hadi Pownal, Vermont, kufundisha mwandiko ili apate hela. Kabla yake, kijana mwingine aitwaye Chester Arthur alikuwa amefundisha katika kijiji hichohicho. Miaka 25 baadaye huyo Arthur ndiye aliyekuwa makamu wake wa rais.

Alihitimu kwa heshima mwaka 1856, akarudi Hiram kufundisha, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa shule aliyowahi kuifagia. Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana yako kila mahali: ndoa na Lucretia Rudolph 1858, seneti ya Ohio, ujenerali katika vita dhidi ya majimbo ya watumwa, kisha Bunge la taifa kuanzia 1863 hadi 1880. Ila sisi wa ualimu tuna mawili ya kujivunia hapo. Yeye ndiye aliyepeleka bungeni muswada ulioanzisha idara ya kwanza ya elimu ya serikali kuu, mwaka 1867. Na mwaka 1876, akiwa mbunge, alichapisha uthibitisho wake mwenyewe wa kanuni ya Pythagoras kwa kutumia trapeza. Nimeujaribu kwa wanafunzi wa kidato cha pili nikiwa mafunzo kwa vitendo, wakauelewa kuliko ule wa kitabuni.

Kuhusu Hopkins, mwaka 1871 kwenye chakula cha wahitimu wa Williams jijini New York, Garfield alisema maneno ambayo baadaye yalifupishwa hivi: chuo bora ni gogo lenye Hopkins upande mmoja na mwanafunzi upande wa pili. Maneno mazuri, ila yana hatari yake. Mtu anaweza kuyatumia kutunyima maabara na vitabu huku akituambia kwamba gogo linatosha. Mwalimu wa kuweza kukaa kwenye gogo hilo naye haokotwi njiani.

Machi 1881 aliapishwa kuwa rais. Tarehe 2 Julai alikwenda stesheni ya treni Washington, furaha tele. Alikuwa anaelekea Williams kwa miaka 25 ya darasa lake, na wanawe wawili wakubwa, Harry na James, walikuwa wanatarajia kuingia chuo hichohicho. Kabla hajapanda, Charles Guiteau, mtu aliyejiaminisha kwamba anadaiwa cheo, akampiga risasi mgongoni. Madaktari walichokonoa kidonda kwa vidole visivyooshwa, usaha ukasambaa, na baada ya karibu siku 80 za mateso akafariki tarehe 19 Septemba.

Wale vijana waliendelea na mpango. Waliingia Williams msimu huohuo, na wakamaliza pamoja mwaka 1885. Mwaka 1908 Harry Garfield akarudi pale kama mkuu wa chuo, akakalia kiti cha Hopkins kwa miaka 26. Sasa zamu ya kujibu barua za waombaji ilikuwa yake.