Johannes Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro

Sisi tukaao pwani ya Kilwa na Lindi twalisoma neno theluji katika Zaburi na katika kitabu cha Ayubu, lakini wengi wetu hatujaiona kwa macho. Basi yafaa tusikie habari za mtu aliyeiona katika nchi yetu, akaishuhudia, asiaminiwe.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, Ujerumani. Huko theluji huanguka wakati wa baridi, na mtu huweza kuipokea juu ya nguo yake na kuitazama. Kila kipande ni chepesi kama unyoya, na mara nyingi kina pembe sita zilizolingana, mfano wa nyota iliyochorwa kwa bikari. Johannes Kepler, mjuzi wa nyota, naye aliyekulia Württemberg, alitunga kitabu kidogo mwaka 1611 akiuliza kwa nini pembe ni sita, wala si tano wala saba. Siku zile jibu halikupatikana. Baadaye wataalamu walitambua ya kuwa chembe ndogo mno za maji, zigandapo, hushikana kwa mpango wa pembe sita, na kipande chote hukua kwa kuufuata mpango huo.

Rebmann alisoma katika chuo cha misioni cha Basel, akafika Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai pamoja na Ludwig Krapf. Mwaka 1848 akashika njia ya Uchaga, na tarehe 11 Mei akaona kilele cheupe. Kiongozi wake aliuita weupe ule baridi tu, hakuwa na jina jingine. Rebmann akatambua mara kwamba ni theluji, maana aliijua tangu utoto wake.

Habari hizo zikapigwa chapa London mwaka 1849. Bwana Cooley, mtaalamu wa ramani ambaye hakukanyaga kamwe Afrika ya Mashariki, akazikana, kwa kuwa aliona haiwezekani theluji kukaa karibu na Ikweta. Rebmann hakugeuza neno lake. Kisha Baron von der Decken, ambaye mwaka 1860 alitoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa akarudi njiani, alipanda Kilimanjaro mwaka 1862, na theluji ikamwangukia mlimani. Hivyo ushuhuda wa Rebmann ukathibitika.

Mwenyewe alikuwa Rabai akiendelea na kazi yake, akifundisha na kukusanya maneno ya lugha za Waafrika. Wanafunzi walikuwa wachache, mkewe akafa huko, na macho yake yakafifia hata akawa kipofu. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, akarudi Ulaya akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Akafa Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Ninyi walimu wa makanisa, kazi yenu pia ni kuwashuhudia watu mambo wasiyoyaona. Mkichekwa, msikasirike, wala msiongeze chumvi ili mwaminiwe. Semeni mliyoyajua, mkae katika kazi yenu. Rebmann alipofuka macho, lakini neno alilolisema juu ya mlima ule lilikuwa kweli tangu siku ya kwanza, hata walipokuwa hawajaliamini.