Haldane, mtu aliyeielewa hofu ya mzamiaji

Sisi tuliorudi nyumbani kwa malori tunaijua hali hii. Turubai limefungwa pande zote kwa ajili ya mvua, watu wamebanana, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Mimi nilitaka kuruka gari likiwa mwendoni. Wenzangu walinicheka, na kwa miaka mingi niliamini ulikuwa woga wangu tu. Aibu ilinitoka niliposoma maisha ya John Scott Haldane.

Haldane alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1860, akasomea udaktari. Alipima hewa ya vyumba vya maskini na ya migodi. Alijifungia hata yeye mwenyewe katika sanduku lisilopitisha hewa, akapumua humo mpaka akahema. Mwaka 1905, yeye na mwenzake Priestley walionyesha kwamba kinachotuhimiza kupumua hasa ni hewa ukaa, ile tunayoitoa kwa pumzi. Ikizidi mwilini, mtu huhema.

Wakati huo jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na tatizo. Wazamiaji walivaa kofia za shaba na kupelekewa hewa kwa pampu ya mkono. Wakifika chini sana walihema na kushindwa kazi. Haldane alipima hewa ya ndani ya kofia, akakuta ukaa umejaa. Kwenye kina cha meta 40 mgandamizo ni mara 5 ya ule wa juu, hivyo ukaa kidogo tu humwelemea mtu mara 5. Dawa yake ilikuwa rahisi: kadiri mtu anavyoshuka, pampu ziongeze hewa. Mwaka 1906, huko Scotland, Damant na Catto walifika futi 210, yaani meta 64 hivi.

Haldane alifariki mwaka 1936. Wazamiaji wa leo hubeba mitungi ya hewa mgongoni, lakini adui ni yuleyule. Anayejitumikisha sana huku akipumua juu juu hujaza ukaa mwilini, hofu humshika, na wengine hukurupuka kwenda juu wakaumia au kufa. Ndiyo maana hufundishwa kuacha kazi, kutulia, na kutoa pumzi polepole hadi mwisho.

Basi ndugu msomaji, ukiwa safarini mwenzako akaanza kuhema ndani ya lori, usimcheke. Fungua turubai.