Masinde Muliro: Cheo Hupita, Nia Hubaki

Mja huzaliwa akiwa na njia nyingi mbele yake, na si wengi waitambuao mapema ile iliyo yao. Maisha ya marehemu Masinde Muliro, ambaye chuo kikuu cha mjini Kakamega kina jina lake, yanadhihirisha kwamba hata aliyekwisha kuitambua hulazimika kuichagua tena na tena.

Muliro alizaliwa mwaka 1922 huko Matili, eneo la Kimilili. Mwaka 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, wakati ambapo serikali ya huko ilikuwa imeanza kuujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria. Aliporejea nyumbani na shahada yake, alishika chaki. Alifundisha katika Shule ya Wasichana ya Alliance, kisha katika chuo cha walimu cha Siriba, Maseno. Ualimu ulikuwa kazi ya heshima, nao ungeweza kumtosha.

Hata hivyo, mwaka 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wanane katika Baraza la Kutunga Sheria. Muliro aliwania kiti cha Nyanza Kaskazini, wilaya iliyosimamiwa kutoka Kakamega, akamshinda W. W. W. Awori, mwanasiasa aliyekuwa amekwisha kujijengea jina.

Siasa haikumlaza kwenye godoro. Chama cha KADU, alichokuwa mmoja wa viongozi wake wakuu, kilivunjwa mwaka 1964. Lau lengo lake lingekuwa chama, lingekufa siku hiyo. Baadaye alipata uwaziri, na hapo ndipo mtihani mkubwa ulipomkabili. Mwaka 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na Bunge likaunda kamati ya kuchunguza mauaji hayo. Waziri alitarajiwa kusimama na serikali. Muliro alipiga kura kuiunga mkono ripoti ya kamati. Rais Kenyatta alimfuta kazi. Wahenga husema mkataa pema pabaya panamwita, lakini kwake pema palikuwa pale ambapo dhamiri yake ingetulia.

Mwaka 1991, akiwa na umri wa karibu miaka sabini, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD waliodai mfumo wa vyama vingi. Desemba mwaka huo katiba ilibadilishwa. Tarehe 14 Agosti 1992 alifariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi, alipowasili kutoka London. Uchaguzi alioupigania ulifanyika Desemba, yeye akiwa kaburini.

Chuo cha Kakamega, kilichoanzishwa mwaka 1972, kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007 kikiwa na jina lake. Yeye aliifuata shahada hadi Cape Town. Vijana wa Magharibi sasa huipata nyumbani. Jina jema hung'aa gizani, na la Muliro halikung'arishwa na vyeo alivyovipata, bali na kile alichokataa kukiuza ili avihifadhi.