John Dalton: Mwalimu Aliyeona Rangi Tofauti

John Dalton alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza, akiwa mtoto wa mfumaji. Alianza kufundisha akiwa na umri wa miaka 12 tu, na mwaka 1793 alihamia Manchester kufundisha chuoni. Wengi humkumbuka kwa nadharia yake ya atomu. Hapa tutazame jambo jingine, ambalo lamhusu kila mwalimu wa shule ya msingi.

Mwaka 1792 Dalton alitambua kuwa ua aliloliona la buluu mchana lilionekana jekundu kwa mwanga wa mshumaa. Rafiki zake hawakuona badiliko hilo, ila ndugu yake wa kiume aliona kama yeye. Mwaka 1794 aliieleza hali hiyo mbele ya jumuiya ya wataalamu. Alidhani kuwa maji ya ndani ya jicho lake yalikuwa ya buluu, akaagiza macho yake yachunguzwe atakapofariki. Alifariki mwaka 1844, na daktari akayakuta maji hayo hayana rangi. Mabaki ya jicho yalihifadhiwa, na mwaka 1995 ikathibitika kuwa alikosa jeni inayowezesha jicho kupokea barabara mwanga wa kijani.

Jeni hiyo imo katika kromosomu X. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X moja kutoka kwa mama, na Y kutoka kwa baba. Mwanamke mwenye kasoro katika X moja kwa kawaida huona vyema, maana ya pili humsaidia. Mwanamume hana ya akiba. Hivyo Dalton na nduguye walirithi hali hiyo kwa mama yao. Kila mtoto wa kiume wa mama kama huyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Baba mwenye hali hiyo hawarithishi wanawe wa kiume. Bali mabinti zake wote huipokea X yake, nao waweza kuifikisha kwa wajukuu.

Mwalimu atakayefundisha Kibeta, au popote mkoani Kagera penye mibuni, aweza kumkuta mvulana achumaye kahawa mbichi pamoja na mbivu, au akoseaye ramani za rangi. Asimwite mvivu. Kwanza ampime faraghani kwa kumtaka atenge matunda mekundu na ya kijani. Kisha aandike majina ya rangi kwenye kalamu, na ramani azichore kwa mistari na nukta. Fimbo haibadili urithi.