Max Factor, Fundi wa Nyuso

Wako wengi huku Pwani waliolisoma jina la Max Factor juu ya kikebe cha poda au kijiti cha rangi ya midomo, wasijue kwamba hilo lilikuwa jina la mtu, aliyezaliwa na mama, akataabika, akaoa, akakimbia nchi na akazikwa. Nimepata kuwauliza jamaa na marafiki. Wengine walidhani ni jina la kiwanda tu, na mmoja alinihakikishia kuwa ni jina la mwanamke. Leo basi, msomaji, nataka nikuhadithie maisha ya bwana huyu. Mwanamke wa leo anayetia rangi kidogo juu ya kope, akagusa mashavu na midomo, kisha akatoka kwenda kazini bila ya watu kumkodolea macho, anapita njia ambayo Max Factor alikuwa miongoni mwa walioifyeka.

Jina lake la asili ni Maksymilian Faktorowicz. Alizaliwa katika miaka ya 1870 nchini Poland, wakati sehemu hiyo ilipokuwa chini ya Mfalme wa Urusi, katika nyumba ya Kiyahudi yenye watoto wengi na riziki haba. Shule hakuisoma sana. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alikwisha tiwa kazini kwa mtengeneza dawa, na mwaka uliofuata akapelekwa kwa fundi wa nywele za bandia. Huko ndiko alikojifunza subira, maana nywele za bandia hufungwa unywele mmoja mmoja, na kijana asiyekuwa na mkono mtulivu hafiki mbali. Kutoka hapo alikwenda Berlin, kisha Moscow, akifanya kazi kwa mafundi waliowatengeneza waimbaji na wachezaji wa michezo ya jukwaani. Alipomaliza kutumikia jeshi la Urusi, alifungua kiduka chake mwenyewe mjini Ryazan, akauza poda, rangi za mashavu, krimu na manukato aliyoyachanganya kwa mikono yake.

Yasemekana kundi la wachezaji lilipita Ryazan likanunua vitu vyake, kisha likaenda kucheza mbele ya wakubwa wa Urusi. Wakubwa wakauliza ni nani aliyezipamba nyuso zile. Basi akaitwa. Akawa fundi wa jamaa ya kifalme na wa jumba kuu la michezo ya kuimba.

Mtu angedhani hapo neema imemshukia. La hasha! Alikuwa kama kasuku katika tundu la dhahabu. Kila alikokwenda alifuatwa, na ruhusa ya kuishi maisha yake hakuwa nayo. Alimuoa mwanamke aitwaye Esther kwa siri, akazaa naye watoto watatu kwa siri, na akawa anawaona kwa kuibia saa. Na siku hizo Mayahudi wa Urusi walikuwa wakishambuliwa na kuuawa mijini, hata mtu hajui kesho yake.

Namna alivyotoroka ni hadithi ambayo jamaa zake wameisimulia mara nyingi, nami naipenda kwa sababu ni hadithi ya kazi yake. Alijipaka uso rangi ya manjano, akaonekana kama mgonjwa wa nyongo. Tabibu alipomtazama akaagiza apelekwe kwenye maji ya tiba ya Carlsbad. Huko mkewe na watoto walikuwa wakimngoja, na kutoka huko wakashika njia ya pwani, wakapanda meli. Mwaka 1904 waliteremka Marekani. Uso uliopakwa rangi ndio uliomtoa.

Mwaka huohuo kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini St. Louis, naye akaweka meza yake ya nywele na vipodozi. Biashara ilikuwa nzuri, lakini mshirika wake akatoweka na fedha pamoja na mali. Kiingereza hakukijua, na kwa hakika mpaka kufa kwake hakupata kukisema vizuri. Akafungua duka la kinyozi. Mwaka 1906 mkewe Esther akafariki ghafla, akamwachia watoto wanne, wa mwisho angali mdogo kabisa. Alioa tena mara mbili baada ya hapo. Mwaka 1908 alihamia Los Angeles, alikosikia kwamba kuna watu wanaotengeneza picha zinazokwenda.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu.

Wachezaji wa sinema wa siku zile walijipaka rangi ileile ya jukwaani: mafuta mazito kama gundi, yaliyotoka katika kijiti, yakapakwa unene wa kucha na juu yake poda. Jukwaani haidhuru, kwa sababu mtazamaji yuko mbali. Lakini kamera husogea karibu. Mchezaji akicheka, rangi ilipasuka kama udongo wa ukuta uliokauka jua. Fauka ya hayo, filamu za wakati ule hazikuona rangi kama macho yetu yanavyoona. Nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ilitoka nyeupe. Mwanamke aliyepaka midomo nyekundu alionekana kama aliyekula wino, na mwenye macho ya buluu alionekana kama kipofu.

Max Factor alikaa na vyungu vyake mpaka mwaka 1914 akatoa rangi ya namna mpya, laini kama krimu, nyembamba, katika vivuli kadhaa mbalimbali, ikipakwa kidogo tu na ikifuata mikunjo ya ngozi. Wachezaji wakawa wanacheka wapendavyo. Dukani kwake wakapanga mstari asubuhi kabla ya kwenda kazini, na yeye akawapaka mmoja mmoja kwa mkono wake. (Nywele zake za bandia pia zilikodishwa kwa filamu, na yasimuliwa kwamba aliwatia wanawe katika picha kama wachezaji wadogo ili wazilinde zisiibwe! Mtu aliyekwisha ibiwa mara moja hujifunza.)

Kuna kisa kingine kuhusu midomo. Chini ya taa kali za studio, rangi ya midomo iliyeyuka ikachuruzika kwenye pembe za kinywa. Max Factor akaacha pembe bila rangi. Akachovya kidole gumba, akabonyeza mara mbili juu na mara moja chini, kisha akasawazisha kwa brashi. Umbo lile la mdomo mdogo wenye vilima viwili, ambalo wanawake wa miaka ya 1920 waliliiga dunia nzima wakidhani ni urembo wa kipekee, asili yake ilikuwa jasho na joto. Sisi watu wa Mombasa na Lamu, ambao jua letu halihitaji taa za studio, tunalielewa jambo hilo bila ya kuelezwa.

Lakini kazi kubwa ya bwana huyu, kwa maoni yangu, si ile ya wachezaji. Ni kule kuitoa rangi studio na kuifikisha kwa mwanamke wa nyumbani. Siku hizo Marekani, mwanamke wa heshima hakujipaka rangi ya kuonekana. Poda kidogo ilisamehewa, lakini midomo na mashavu mekundu yalikuwa alama ya mwanamke wa jukwaani, na mwanamke wa jukwaani alisemwa vibaya. Max Factor alianza kuuza rangi za kope na kalamu za nyusi kwa watu wote yapata mwaka 1916, na mwaka 1918 akatoa poda za mpango alioupa jina la ulinganifu wa rangi. Maana yake ni kwamba poda, rangi ya mashavu na rangi ya midomo zisichaguliwe ovyo, bali zitoke katika jamii moja, nayo jamii hiyo ichaguliwe kwa kutazama ngozi ya mwenyewe, nywele zake na macho yake. Rangi ya mashavu ikivuta kwenye chungwa, ya midomo isivute kwenye waridi. Poda isiwe nyeupe kuliko shingo. Ikiwa mtu anaiona rangi kabla ya kumwona mwanamke, fundi amekosea.

Maneno hayo yangemshangaza mwanamke wa Marekani wa mwaka 1918, lakini sidhani kama yangemshangaza somo wa Kiswahili. Huku kwetu kujipamba hakukuwa jambo la fedheha, bali la mahali pake na wakati wake. Wanja ni wa tangu na tangu, na kuutia ni katika sunna. Bibi arusi alisuguliwa singo, akapakwa liwa na dalia, akachorwa hina, na somo aliyeijua kazi yake alitazama ngozi ya mwari kwanza kabla ya kuchanganya chochote. Wanja wa mwanamke mweupe hautiwi kama wa mweusi. Ndiyo maana vikebe vya kigeni vilipofika maduka ya Mombasa havikuikuta meza tupu. Vilikaa kando ya kidau cha wanja, na wanawake wakachukua walichokitaka: midomo kwa mkono mwepesi, mashavu kwa ncha ya kidole na kusambazwa hadi karibu na sikio, kope kwa kivuli tu, na wanja ukabaki pale pale pake.

Lakini hapa lazima niseme na jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka. Mwaka 1935 Max Factor alifungua jumba lake la fahari huko Hollywood, na maelfu ya watu wakahudhuria. Ndani yake mlikuwa na vyumba vinne vya kupambia, kila kimoja kimepakwa rangi ya kumfaa mwanamke fulani: buluu kwa wenye nywele za manjano, waridi kwa wenye nywele nyeusi, kijani kwa wenye nywele nyekundu, na rangi ya pichi kwa wenye nywele za kahawia. Ulinganifu wa rangi, naam. Lakini hesabu yake yote ilianzia kwenye nywele za Wazungu. Mwanamke mweusi, ambaye tofauti yake na mwenzake iko katika ngozi, na ngozi hiyo ina vivuli kumi kabla hujatoka mtaa mmoja, hakuwa na chumba.

Matokeo yake twayajua. Mama zetu walinunua poda ya waridi kwa sababu ndiyo iliyokuwapo, na nyuso zikawa za kijivu kama zilizopulizwa jivu. Na Marekani kwenyewe, mwimbaji mweusi Lena Horne alipoingia studio za MGM mwaka 1942, miaka minne baada ya Max Factor kufa, yasimuliwa kwamba kampuni ilimtengenezea rangi iliyoitwa Light Egyptian. Kisha rangi hiyohiyo ikatumiwa kuwapaka wachezaji weupe wapewe nafasi za wanawake wa ngozi kama yake! Simlaumu fundi kwa yaliyotendwa baada yake. Lakini kanuni yake ilikuwa itazamwe ngozi kwanza, na kanuni hiyo ilimtaka afike mbali zaidi ya alipofika.

Kazi hakuiacha. Mwaka 1928, filamu mpya na taa mpya zilipoanza kuona rangi zote, ilibidi aanze upya, akajaribu vivuli kwa miezi pamoja na studio. Sinema za rangi zilipokuja, rangi zake za zamani zilimeremeta na kuakisi kila kilichokuwa karibu. Mchezaji akisimama kando ya pazia jekundu, uso huwa mwekundu. Mwaka 1936 aligongwa na gari akaumia, na mwanawe Frank akaishika kazi. Ikatoka ile iitwayo Pan-Cake, poda iliyoshindiliwa katika kikebe na kupakwa kwa sponji yenye maji, ikikauka bila kumeremeta. Ilionekana katika filamu ya Vogues of 1938, iliyotoka mwaka 1937. Wasichana waliocheza humo wakaiona nzuri mno hata wakawa wanaiiba na kwenda nayo nyumbani. Mwaka 1938 ikaanza kuuzwa kwa watu wote.

Mwaka huohuo mzee alisafiri Ulaya pamoja na mwanawe Davis. Mjini Paris aliletewa barua ya kumtaka fedha, la sivyo atauawa. Polisi waliweka mtego penye mnara wa Eiffel, lakini hakutokea mtu. Mzee, ambaye ujana wake wote alikuwa akifuatwa na walinzi wa mfalme, hakuweza kutulia tena. Walimrudisha Marekani akiwa dhaifu, na tarehe 30 Agosti 1938 akafariki nyumbani kwake Beverly Hills.

Frank alilichukua jina la baba yake, akajiita Max Factor, na kampuni ikaendelea. Jamaa waliiuza mwaka 1973, na tangu hapo imepita mikono kadhaa. Lile jumba la mwaka 1935 lingali limesimama Hollywood. Siku hizi ni makumbusho ya sinema, na mgeni akiingia hupitishwa katika vile vyumba vinne, cha buluu, cha waridi, cha kijani na cha pichi, kila kimoja na jina la nywele zake mlangoni.