Maisha Yenye Funzo: Lord Delamere, Tajiri Aliyekufa na Deni

Masomo: Luka 14:28–30; Methali 21:5; Methali 22:7

Tunaendelea na mafundisho yetu juu ya pesa za nyumbani. Wengi wetu tukiona mtu amefilisika tunasema ni pombe, au ni ujinga, au ni uvivu. Ni kweli wako wa hivyo. Lakini yuko mwingine ambaye anaamka alfajiri, ana akili, ana mipango, na bado kila mwaka deni linamzidi. Huyo ndiye anayetusumbua, kwa sababu anafanana na sisi. Wiki hii tuangalie maisha ya mtu wa namna hiyo, ambaye jina lake kila Mkenya analijua.

Ukisafiri kwenda Nairobi kupitia Nakuru, pale Naivasha utaliona jina la Delamere barabarani. Watu wakilisikia wanafikiria mashamba makubwa na ng'ombe wa maziwa. Wachache wanajua kwamba yule wa kwanza kuja Kenya, aliyefungua hiyo njia, alikufa akiwa na deni la kutisha.

Jina lake alikuwa Hugh Cholmondeley. Alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870. Baba yake alifariki mwaka 1887, na kijana wa miaka 17 akarithi cheo cha ubwana pamoja na Vale Royal, jumba na mashamba ya ukoo wao kule Cheshire. Familia ilikuwa imeishika mali hiyo tangu karne ya 17. Kwa maneno mengine, wazee walikuwa wamemtunzia. Hakuanza chini.

Kijana huyo alipenda kuwinda. Kuanzia mwaka 1891 alikuwa akienda nchi ya Wasomali kutafuta simba, na safari moja simba akamrarua mguu. Aliponea chupuchupu kwa sababu Msomali aliyembebea bunduki, Abdullah Ashur, alijitupa kumsaidia. Toka siku hiyo alichechemea maisha yake yote. Safari nyingine alitembea kwa miguu na ngamia kutoka Berbera mpaka akafika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897. Alipoona zile nyasi, maji na baridi ya Bonde la Ufa, moyo wake ulibaki huko.

Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, na baada ya miaka michache wakahamia huku kabisa. Serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 karibu na Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, na alitakiwa kuweka pauni 5,000 katika shamba hilo ndani ya miaka mitano.

Hapa tuseme ukweli bila kuzunguka. Ardhi ya bonde lile haikuwa tupu. Wamaasai walikuwa wakilisha humo, na kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911 walihamishwa ili walowezi wapate nafasi. Delamere aliwapenda Wamaasai, alijua lugha yao na aliwaajiri wachungaji wao. Lakini alikuwa pia kiongozi wa walowezi katika baraza la kutunga sheria, na alipigania nchi hii iwe ya wazungu. Hatumleti hapa kama mtakatifu. Tunamleta kwa sababu maisha yake yanaonyesha wazi jinsi pesa inavyoondoka.

Alianza na kondoo. Aliagiza kondoo wa mbegu nzuri kutoka New Zealand, wakavuka bahari na kupandishwa reli mpaka Njoro. Majani yalikuwa ya kijani, yanavutia kwa macho. Kondoo wakala, wakakonda, na wengi wao wakafa. Baadaye ilijulikana kwamba udongo wa pale ulipungukiwa na madini ambayo mnyama anayahitaji. Wamaasai hawakuwa na maabara, lakini walijua. Ndiyo maana wao wenyewe hawakupenda kuacha mifugo yao ikae pale muda mrefu. Mtu angeweza kuuliza swali moja kwa wachungaji kabla ya kuagiza kondoo hata mmoja, na swali hilo halilipiwi.

Baada ya kondoo, ng'ombe. Ugonjwa wa mapafu ukaingia, na magonjwa ya kupe yakafuata. Ng'ombe wa kigeni wakaanguka. Akaamua kuhamisha mifugo na kuchukua shamba lingine, Soysambu, karibu na Elmenteita. Halafu kule Njoro akageukia ngano. Alilima eneo kubwa sana kwa mpigo mmoja, zaidi ya ekari elfu moja. Kutu ya ngano ikashuka ikaimaliza. Kufikia mwaka 1909 mtu huyu aliyerithi jumba la ukoo hakuwa na pesa mkononi. Tumaini lote alikuwa ameliweka katika zao moja, na zao lile likafa.

Mpendwa msomaji, simama hapo kidogo ujiulize. Baada ya kondoo, ng'ombe na ngano, kwa nini hakuacha?

Jibu rahisi ni kiburi. Lakini ukimtazama vizuri utaona kitu kingine. Kila hasara ilimpa sababu ya kuweka pesa zaidi. Kama angeacha, basi pesa ya kondoo ingekuwa imepotea bure, na ya ng'ombe pia. Akiendelea, bado kuna nafasi ya kuzirudisha zote kwa msimu mmoja mzuri. Basi ile pesa iliyokwisha potea ikawa ndiyo inayomwamuru apeleke nyingine. Na msimu mzuri siku zote ulikuwa mwaka ujao.

Tena hakuona umaskini unamgusa, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na Vale Royal. Pesa ikiisha Njoro, aliweka rehani mali ya Uingereza akakopa. Ikiisha tena, akakopa tena. Huku Afrika aliishi maisha ya kawaida sana. Yeye na Lady Florence walikaa kwenye nyumba za udongo na nyasi. Kwa hiyo usiseme alipoteza kwa anasa. Mtu anaweza kulala chini ya paa la nyasi, akavaa nguo kuukuu, na bado akawa anakula urithi wa watoto wake.

Tumpe haki yake pia. Alimwajiri mtaalamu wa kuzalisha ngano inayostahimili kutu, akamlipa mwenyewe, na kazi hiyo iliwafaa wakulima waliokuja baadaye. Alikuwa mwanzilishi wa kampuni ya Unga, mwaka 1908, ambayo jina lake liko madukani mpaka leo. Kondoo wa Soysambu walifanikiwa na sufu ikaanza kumletea faida. Hapo ndipo mtu mwingine angesema, asante Mungu, sasa nilipe madeni nipumue. Yeye faida ya Soysambu aliitumia kuanzisha mambo mengine. Alijaribu hata kufuga mbuni kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake wa Ulaya. Magari yakaenea, kofia zile kubwa zikaacha kuvaliwa, na biashara ya mbuni ikaisha. Siasa za walowezi nazo zilikula pesa na muda wake.

Lady Florence alifariki mwaka 1914. Delamere aliendelea na mashamba, mikutano na mikopo. Kuanzia mwaka 1929 bei za mazao zikaporomoka dunia nzima. Hapo mwenye deni dogo alibana mkanda, lakini mwenye deni kubwa hakuwa na pa kubana. Tarehe 13 Novemba 1931 Lord Delamere alifariki akiwa na miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha mikopo ya benki ya pauni 500,000. Kwa hesabu ya wakati ule hiyo ni shilingi milioni 10, katika nchi ambayo kibarua alipokea shilingi chache kwa mwezi. Mtoto wake alirithi cheo, mashamba, na mzigo huo wote. Mwaka 1947 familia iliuza Vale Royal. Walowezi walimsimamishia sanamu Nairobi na kuita barabara kuu kwa jina lake. Uhuru ulipokuja sanamu iliondolewa, na barabara ile leo ni Kenyatta Avenue. Deni lilidumu kuliko sifa.

Sasa tulete jambo hili nyumbani, hapa Macalder. Sisi tunaishi juu ya dhahabu, na shimo la mgodi linafundisha somo hili kuliko kitabu. Watu watano wanachanga pesa wanaanza kuchimba. Futi 30, hakuna kitu. Mmoja anauza ng'ombe ili wanunue mbao na chakula waendelee. Futi 50, bado. Sasa ukimwambia aache, anakuuliza, na ng'ombe wangu? Ng'ombe ameshaingia shimoni. Kwa hiyo anachukua mkopo kumfuata ng'ombe. Karo ya watoto inaingia shimoni. Mashine ya kushona ya mama inaingia shimoni. Wakati mwingine kweli dhahabu hupatikana, na hilo ndilo linalotufunga zaidi, kwa sababu sote tunamjua mtu aliyeipata. Wale ambao hawakuipata hawasimuliwi.

Wala si wachimbaji tu. Kijana anayeweka pesa kwa kamari ya mpira anafuata ile ya jana. Mama anayekopa kwenye simu ili alipe chama, kisha akopa kwa chama ili alipe simu, anafanya vilevile. Mwenye bodaboda anayetengeneza pikipiki mbovu kila wiki kwa sababu ameshatumia nyingi juu yake, naye yumo. Ukiwaita wajinga umekosea. Ni watu wanaochapa kazi lakini wanakataa kuzika kilichokufa.

Tofauti yetu na Delamere ni moja, na ni kubwa. Yeye alikuwa na Vale Royal. Aliweza kukosea miaka karibu 30 kabla ya bili kufika mezani. Wewe ukikosea msimu mmoja, mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shule. Basi ikiwa hata mwenye jumba la ukoo alilemewa, sisi tusio na pa kuegemea tunahitaji kuhesabu mapema zaidi.

Na sisi watu wa kiroho tuna hatari yetu ya pekee. Tunaweza kuuita ukaidi imani. Mtu anasema Bwana ameniambia niendelee, kumbe ni hasara inayosema naye. Bwana Yesu, katika Luka 14, alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Angalia, aliyehesabu hakuhesabiwa kuwa amekosa imani. Aliyechekwa ni yule aliyeanza bila kuhesabu akashindwa kumaliza. Imani haiogopi kalamu na karatasi.

Kwa hiyo wiki hii tufanye mambo manne.

Kwanza, chukua jambo moja linalokula pesa yako ujiulize: kama nisingekuwa nimeweka hata shilingi hapa, leo ningeanza? Ukiona jibu ni hapana, basi kinachokushika pale ni pesa iliyokwisha kwenda, na hiyo hairudi kwa kupelekewa mwenzake.

Pili, kabla ya kuanza jambo jipya, andika mwisho wake. Tukifika futi kadhaa bila kitu, au zikiisha shilingi kadhaa, tunasimama. Andika siku ambayo moyo umetulia, kwa sababu ukiwa ndani ya shimo hutaweza kuandika. Wenzako wa shimo watie sahihi pia.

Tatu, uliza wanaojua udongo. Mzee aliyechimba miaka mingi, mama ambaye amekuwa sokoni tangu zamani. Nyasi za Njoro zilikuwa za kijani, lakini mchungaji wa Kimaasai ndiye aliyejua kilicho chini yake.

Nne, baba, mwambie mama watoto deni lako lote leo. Mama, na wewe mwambie baba. Mkopo wa siri hukua haraka kuliko ule unaojulikana, kwa sababu hakuna wa kukuambia inatosha. Kama ni mzito kuusema nyumbani, njoni wote wawili kwa mchungaji au kwa mzee wa kanisa mkae pamoja.

Na ikitokea Bwana amekubariki, shimo limetoa au mahindi yamekubali, kumbuka Soysambu. Faida ya kwanza ni ya Bwana, kisha lipa unayedaiwa, kisha weka karo kando. Mradi mpya usubiri foleni.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa mikono inayofanya kazi. Utusamehe pale tulipoita tamaa yetu maono. Utupe ujasiri wa kuacha kilichokufa, na uaminifu wa kusema ukweli nyumbani kwetu. Fungua mlango kwa kila aliyefungwa na deni katika kanisa hili, na umpe hekima asirudi tena utumwani. Katika jina la Yesu Kristo, amina.